Barua kwa Mwanahawa kuhusu umbali wa nyota changa

Lindi, Januari

Rafiki yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi kutoka Lindi. Sisi tu wazima, ila joto limetuzidi. Umeniuliza, kwa kejeli yako ya mwalimu wa hesabu, ni nani aliyepeleka futi kamba hadi kwenye mawingu yanamozaliwa nyota. Jibu nimelikuta jana ufukweni. Nilikuwa nikitazama Kitunda, ng'ambo ya ghuba, ambako mnazi mmoja ulisimama mbele ya kilima. Niliposogea hatua mia mbili, mnazi ulionekana umehamia pembeni mwa kilima kile. Ukijua urefu wa hatua zangu na pembe ya kuhama huko, utapata umbali bila kuvuka maji.

Wanaastronomia hawatembei, hubebwa na Dunia, ambayo kwa miezi sita huwasogeza takriban kilometa milioni 300, na kilima chao ni kwasa, yaani viini vya galaksi ving'aavyo sana, zilizo mbali mno hata hazionekani kuhama. Mwanaastronomia Mjerumani Bessel alipima hivyo nyota ya 61 Cygni mwaka 1838, kwa mwanga wa kawaida. Nyota changa, hata hivyo, zimegubikwa na vumbi linalozuia mwanga huo, ilhali mawimbi ya redio hulipenya. Tena kwenye gesi inayozizunguka mna madoa madogo ya maji na methanoli, yaitwayo maseri, yanayong'aa kwa mawimbi hayo. Antena 10 za VLBA, mtandao wa darubini za redio wa Marekani, zilizotawanyika kutoka Hawaii hadi kisiwa cha St. Croix katika Karibi, umbali unaozidi kilometa 8,000, huyapima kama darubini moja.

Linalonivutia zaidi ni W3(OH), mojawapo ya mawingu hayo yanamozaliwa nyota. Waliokadiria umbali wake kwa kasi ya gesi, wakichukulia kwamba gesi hiyo huizunguka galaksi kwa duara kamili, walipata zaidi ya mara mbili ya umbali wa kweli; paralaksi, yaani ile pembe ya kuhama, iliyotangazwa mwaka 2006 ilionyesha takriban miaka ya nuru 6,400. Wewe utaona mara moja uzito wa kosa hilo: ukizidisha umbali mara mbili, unaizawadia nyota mwanga mara nne ya ilio nao.

Nebula ya Orion, lile doa la ukungu karibu na nyota tatu zilizojipanga mstari, ilipimwa mwaka 2007 ikawa kwenye miaka ya nuru 1,350 hivi. Majira haya hupita karibu na utosi usiku. Ukija kutoka Mtwara, njoo na futi kamba yako. Tutaanza na mnazi, kisha tupande boti kwenda Kitunda kuhakiki hesabu.

Rafiki yako,
Zuhura