Fundi, nionyeshe ulichokitoa kwenye transfa yangu

Mhariri, habari za kazi.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwanza, nina pikapu moja ya Land Cruiser mkonga ambayo ndo inasomesha watoto wangu watatu, na naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na mafundi wetu, na madereva pia, kuhusu transfa. Kwa ambaye hajui, transfa ni lile boksi la chuma linalokaa nyuma ya gia boksi, kazi yake ni kupokea nguvu na kuigawa, propela (ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari) moja inaenda difu ya nyuma, yaani lile boksi la gia linalozungusha matairi, nyingine inaenda difu ya mbele, na humo humo ndani kuna ile gia nzito, ukikwama unaingiza gari inapata nguvu zaidi ya mara mbili ila inatembea kama kinyonga. Gari ya mjini inaweza kukaa mwaka mzima haijaigusa. Ya kwetu sisi wa mialoni, kule ufukweni mitumbwi inakoshushia mzigo, bila transfa hakuna biashara.

Mi nafuata dagaa upande wa Sengerema. Zamani tulikuwa tunalala Kigongo kusubiri kivuko, tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 zile kilomita 3 juu ya maji unazimaliza ukiwa bado hujamaliza kuongea na simu, kwa kweli ni neema na tunashukuru. Lakini ukishaacha lami ukaanza kushuka ziwani mambo ni yale yale, udongo mweusi wa mbuga, kiangazi umepasuka nyufa unaingiza mguu, mvua ikidondoka unageuka gundi inajaa kwenye matairi mpaka yanakuwa mviringo laini kama chapati. Na dagaa hawasubiri. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika, kwa hiyo una siku zako za kuhesabu kila mwezi, gari ikilala gereji siku za giza umepoteza mwezi mzima, na waliokwisha kuanikwa wakinyeshewa bila gari ya kuwatoa wanaoza unawaona kwa macho.

Sasa mvua za vuli zilizopita gari ikaanza kuvuma. Sio injini, injini ya 1HZ ile ya lita 4.2 haijawahi kunisumbua, ni mlio unatoka chini ya miguu ya dereva, ukikanyaga mafuta unapanda ukiachia unabadilika sauti. Na asubuhi chini kuna doa la oili. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, sitaitaja, kijana wangu anayeendesha akaiacha siku tatu, nikapigiwa simu mama njoo uchukue tumebadilisha sili zote (zile pete za kuzuia oili isivuje) na beringi, laki saba. Nikalipa. Nilipouliza vilivyotoka viko wapi nikaambiwa vimetupwa, mama hivyo ni vyuma chakavu utavifanyia nini.

Safari mbili tu. Safari ya tatu tumebeba magunia tunapanda kutoka mwaloni, dereva ameingiza ile gia nzito, leva ikaruka yenyewe ikarudi fri, yaani hakuna gia iliyoshika, gari na mzigo ikaanza kurudi nyuma kwenye tope kuelekea kwenye mitumbwi. Mungu alisaidia breki zilishika. Nilikuwa nimekaa mbele, sijasahau ule muda.

Tukairudisha pale pale. Fundi akaingia chini hata dakika tano hazikufika, akatoka anafuta mikono, "Mama hii transfa imekufa, nipe milioni mbili na nusu niagize ya mtumba Dar." Nikamuuliza imekufaje na wewe umebadilisha kila kitu mwezi juzi, akaanza kuongea na dereva wangu badala ya kuongea na mimi, kwa maneno ya haraka haraka ya kifundi. Hili wanawake wenye magari wanalijua, pesa inatoka kwako ila maelezo anapewa mwanaume yeyote aliyesimama karibu. Nikasema vuteni gari.

Kuna mzee mmoja ana gereji ndogo maeneo ya Igoma, bati nne na mwembe, nilielekezwa na mama mwenzangu wa mwaloni. Nikamsalimia shikamoo mzee, nikamweleza, hakusema imekufa wala imepona. Aliniambia, "Mwanangu, kaa hapa kwenye kigoda uone." Akasogeza gari kwenye sakafu iliyonyooka kwanza maana alisema oili haipimwi gari ikiwa imeinama. Akafungua nati ya kujazia oili kwenye transfa, hata hajaimaliza oili ikaanza kumwagika kama bomba limeachiwa, akakinga na beseni. Alafu akafungua ya gia boksi. Oili inatakiwa iishie ukingoni mwa tundu, ukiingiza kidole unaigusa hapo hapo. Akaingiza kidole chote mpaka kwenye pete ya ndoa, akakikunja kuelekea chini, akakitoa akanionyesha. Kikavu. Kilikuwa na utando mweusi tu kwenye ncha.

Akasema umeona, transfa imekunywa oili ya gia boksi. Kumbe haya maboksi mawili kila moja lina oili yake, katikati pale shafti inapopita kuna sili moja inayoyatenganisha, na kwenye hizi Land Cruiser sili hiyo ikichoka oili inahamia nyuma taratibu, nje huoni hata tone. Transfa inajaa kupita kiasi, inachemka, inaanza kusukuma oili kwenye sili za nje ndo lile doa nililokuwa naliona, na huku gia boksi inasaga vyuma vikavu. Aliyeniambia amebadilisha sili zote alibadilisha ya nje, ile ya propela, tena ya bei rahisi ngumu kama plastiki. Ya katikati hakuigusa, kwa sababu ili uifikie lazima utoe propela zote mbili na leva, uweke jeki, ulitenganishe boksi lote na gia boksi, ni kazi ya watu wawili kutwa nzima, na bolti nyingine zimejificha unazitafuta kwa mkono bila kuziona. Sili yenyewe ni ya elfu chache.

Walipoitoa na kijana wake wakatandika turubai safi, wakaosha kwa dizeli kimoja kimoja, wakavipanga kwa mstari jinsi vilivyotoka. Nilikaa siku nzima. Niliona silikoni nyekundu imepakwa kama mtu anapaka siagi, imejaa mpaka ndani, vipande vimekatika vinaelea kwenye oili. Niliona nati ya kumwagia oili ambayo ina sumaku, mzee akanifundisha kuusoma ule uchafu wake, akauweka kidoleni akausugua, akasema uji mlaini wa kijivu ni kawaida ya chuma kulika ila ukiona magamba yanayong'aa kama ya sato jua kuna beringi au jino la gia linamomonyoka. Yangu yalikuwa magamba. Beringi mojawapo njia yake ilikuwa na vitobo vitobo kama uso uliotoka tetekuwanga, na haikuwa mpya, ilikuwa na kutu ya miaka. Na shimu, yale mabati membamba kama karatasi ambayo yanawekwa kurekebisha beringi ikae bila kucheza na bila kubana, moja haikuwepo. Mtu amefungua, ameipoteza, amefunga. Shafti ilikuwa inacheza unaiona kwa macho, sasa leva itaacheje kuruka?

Beringi mbili, sili zote na ile ya katikati, gasketi, shimu, oili mpya kwenye maboksi yote mawili, kazi ya siku tatu. Haikufika nusu ya ile milioni mbili na nusu. Na transfa ni ile ile iliyoambiwa imekufa, gia zake zilikuwa nzima.

Lakini sitaki nionekane nawasema mafundi peke yao, kwa sababu mzee alipomaliza alimuita dereva wangu akamuuliza swali moja, ukitoka kwenye tope unatoa fowili wapi, yaani ile leva ya kufanya matairi yote manne yavute. Kijana akanyamaza. Baadae akasema ukweli, kuna siku anasahau, anapanda lami ya Sengerema na fowili iko ndani, anavuka daraja anafika mpaka Usagara ndo leva anaivuta inagoma. Mzee akamchorea chini kwa kijiti. Ukikata kona matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwenye gari kama yetu ukishaingiza fowili propela zote mbili zinalazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye tope tairi linateleza kidogo, deni linalipika. Kwenye lami tairi limeng'ang'ania, hakuna pa kulipia, ule msongo unajikunja ndani ya transfa na propela kila kona unaongezeka, ndo maana leva inakwama kama imechomelewa. Ikikwama usiipige nyundo, rudi rivasi mita kadhaa umenyoosha usukani, inaachia. (Zipo Land Cruiser na Prado ambazo transfa ina difu yake katikati, hizo zinatembea fowili muda wote, siongelei hizo.) Na shida hiyo hiyo inakuja ukiwa umeweka matairi mapya nyuma na mbele yameisha, maana hayalingani ukubwa, na hilo lilikuwa kosa langu mimi sio la dereva, nilikuwa nabana pesa nanunua mawili mawili.

Ile gia nzito nayo vijana wengi wanaisukuma gari ikiwa inatembea, unasikia krrr. Simama kabisa, kanyaga klachi, ingiza. Na kuna mtindo hapa kwetu wa kurudisha gari kinyumenyume mpaka ndani ya ziwa, kuosha au kupokea mzigo kwenye mtumbwi. Kwanza hayo maji ndo tunayokunywa. Alafu transfa imetoka safari ina moto, ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi hewa ya ndani inasinyaa inavuta maji kupitia kipumulio na kwenye sili zilizochoka, wiki inayofuata ukifungua oili ina rangi ya chai ya maziwa na beringi zimeanza kutu. Sasa hivi dereva wangu gari haiingizi zaidi ya rimu, na kiangazi anatafuta njia ya vumbi anaingiza fowili kilomita kadhaa kila mwezi ili oili ifike kwenye vyuma vya mbele, mzee ndo alimwambia asiiache ikalala.

Mhariri, ninachoomba ni kitu kidogo sana na hakina gharama. Fundi ukifungua transfa ya mtu, kila ulichokitoa kiweke kwenye mfuko umpe mwenye gari, chuma chakavu ni changu nimekinunua. Andika kwenye karatasi hata ya daftari, sili ya wapi, beringi ya wapi, shimu ngapi, oili gani na lita ngapi, weka tarehe na sahihi. Mwenye gari akitaka kukaa aangalie muache akae. Na kama unaona kazi ya kutenganisha boksi ni nzito sema bei yake ya haki, tutalipa, mimi ningelipa bila kelele ningeelezwa mapema kwamba sili mbovu iko katikati. Vijana wanaotoka VETA wanafundishwa kazi vizuri, wakifika gereji wanakuta bosi anawaambia paka silikoni funga mteja anasubiri, na baada ya miaka miwili nao wanakuwa hivyo hivyo. Wenye gereji ndo nawaomba hasa.

Na wenye magari, tusikubali neno imekufa kabla boksi halijafunguliwa mbele yetu. Muulizeni fundi akufungulie nati zote mbili za kujazia, ya gia boksi na ya transfa, ni kazi ya dakika kumi na utajua oili iko wapi.

Beringi yangu ile yenye vitobo ninayo, nimeitundika kwa kamba mlangoni mwa stoo ninapopimia dagaa, madereva wa wenzangu wakija kupakia huwa naishusha wanaishika wanaizungusha, wanaisikia inavyokwaruza. Mbalamwezi imeshaanza kupungua, wiki ijayo taa zinarudi ziwani na gari inashuka Sengerema. Asante kwa nafasi.

Mama dagaa,
Mwanza