Nitajie Unachotaka, Saidi

Hamburg, Jumapili

Kwako mdogo wangu Saidi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho nikiwa kwenye basi, mrefu kama hotuba ya mgombea, na bado sijafahamu unataka nini. "Dada nishike mkono na mimi nitoke." Utoke uende wapi? Nilicheka, kisha nikakasirika.

Pesa si neno. Neno ni kwamba zile nilizotuma za paa la mama zilikwenda kwenye harusi ya Mwanaisha, na mpaka leo hakuna aliyenifungulia mdomo. Picha za ukumbi nimeziona, viti vimevishwa vitambaa vya dhahabu, na mama bado anatega ndoo chumbani masika yakiingia. Najua utasema hukupanga wewe. Biriani ulikula, hukula? Basi.

Sasa nisikilize. Mwaka jana ulitaka duka la simu, Ramadhani ikaja ukataka mitumba Kongowea, sasa ni meli. Hili la meli limenichangamsha, maana njia yake inajulikana. Kozi ya msingi ya usalama wa mabaharia, hiyo STCW, inasomeshwa hapo hapo Mombasa, chuo cha Bandari Maritime Academy: kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, usalama wako na wa wenzako kazini. Kuna cheti cha daktari. Kisha karatasi za ubaharia unazifuata Kenya Maritime Authority. Bila hizo, hata nahodha akiwa shemeji yako hupandi. Kwa hivyo usiniambie utakuwa baharia, hilo wataliamua wenye meli wakitaka. Niambie cheti cha kozi ya msingi utakuwa nacho kabla ya Ramadhani ijayo. Hicho kiko mikononi mwako.

Ami Salim nampenda, lakini hebu mtazame. Makontena yalipoanza kupandishwa Nairobi kwa reli mpya, kazi yake ya forodha ikafa. Mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza shughuli zinarudi Mombasa, naye tangu siku hiyo yuko barazani na kahawa yake, anangoja kuitwa. Mipango ya Ami siku zote ina mtu mwingine wa kuitekeleza.

Mimi hapa sikusema nataka kujua Kijerumani. Kijerumani hakiishi, wallahi. Nilisema nataka cheti cha B2, ile ngazi ya nne katika sita za lugha, kwa sababu bila hicho nesi wa kutoka nje hapewi leseni, anabaki msaidizi na mshahara wa msaidizi. Ada ya mtihani nikailipa mapema kabla sijawa tayari, ili uchungu wa pesa uniamshe. Maneno kumi nikibandika kwenye friji kila asubuhi, siku za zamu ya usiku matano, maana kujidanganya sikutaka. Nikapita. Na leseni imetoka, Saidi! Jina la marehemu baba limeandikwa kwenye karatasi ya Wajerumani, na muhuri juu yake. Kuna waliotangulia kufika huku, wakinicheka nilivyokuwa nikitamka, na leo bado wako A2, ngazi mbili chini yangu. Sitaji jina, ila mamake hununua samaki pamoja na mama.

Baridi ipo, tusiizungumze. Hapa nako kuna bandari, na kuna feri za mto Elbe. Nilipopanda mara ya kwanza nikaambiwa tiketi. Feri, tiketi! Likoni mwenye miguu anavuka bure na bado tunalalamika. Nikaketi juu, macho yananitoka namtafuta mwenye viazi karai na ukwaju wake. Hakuna hata mtu anayesukumana. Watu wamenyamaza kama wamegombana.

Haya, tuelewane. Nenda chuoni, uliza ada na tarehe ya darasa linalofuata, hiyo karatasi uipige picha unitumie. Robo ya ada utatoa wewe. Ukishampa mwenye tuktuk hesabu yake, kinachobaki tenga kidogo uweke kwenye akiba ya kufunga ya M-Shwari, usiifikie upesi vijana wa maskani wakikuita. Taja kiasi unachokiweza hata siku ya mvua. Ukiniambia elfu kila siku nitajua unanichezea. Robo yako ikitimia, zilizobaki nitalipa chuoni wenyewe, si kwa simu yako, na simu ya Mwanaisha ndiyo kabisa.

Fundi naye aje apime lile paa. Nataka idadi ya mabati, urefu wa mbao na bei yake kwa maandishi, si "kama elfu hamsini hivi". Mwanaisha ndiye atakayemsimamia, na mwambie nimesema mimi.

Habari ya leseni usimpe mama. Nitampigia Ijumaa baada ya Asr nimwambie mwenyewe, kwa hivyo simu iwe na chaji na wewe uwe nyumbani.

Dadako,
Zuhura