Mmebeba Watoto wa Watu: Barua kwa Walimu Mnaoongoza Safari za Nje

Wanangu walimu,

Marahaba. Salamu zenu zimenifikia, na zile ratiba mlizoniomba nizitazame nimezipitia zote. Naandika barua moja badala ya kumjibu kila mtu peke yake, kwa sababu kosa nililolikuta ni moja, na mimi mwenyewe nililirudia miaka mingi kabla sijaliona. Mmezijaza mno. Siku saba, miji minne, makumbusho kumi na moja. Humo hakuna hata nafasi ya mtoto kuumwa kichwa.

Najua linakotoka. Wazazi wamejinyima, mkuu wa shule anataka taarifa nene, nanyi mnaona kila saa iliyo tupu kama deni. Nami niliona hivyo. Safari yangu ya pili kwenda Ufaransa niliwaingiza wanafunzi Louvre, jumba la makumbusho la Paris, asubuhi, wakiwa wametoka moja kwa moja kwenye basi la usiku. Tukaenda mbio hadi kwenye Mona Lisa, maana ndiyo kila mmoja aliyokuwa ameahidi nyumbani kwamba ataiona. Ni picha ndogo, sentimita 77 kwa 53, na mbele yake umati umejaa hadi ukutani. Wanafunzi wangu wakanyoosha simu juu ya vichwa vya watu, wakapiga, wakasukumwa kando. Jioni nikamuuliza binti mmoja ameona nini. Akainama, akasema kwa aibu, "Visogo, Mwalimu." Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa ameulizwa akajibu ukweli.

Miaka kadhaa baadaye tulikuwa Amsterdam, na safari ya mchana niliyokuwa nimeipanga ikavunjika. Tukabaki na jambo moja tu siku nzima: nyumba waliyojificha Wanazi kina Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara, watu wanane, tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Ndani mle vyumba havina samani. Kupiga picha hairuhusiwi. Ngazi ni nyembamba na kali, mtu hupanda mmoja nyuma ya mwenzake. Ukutani, juu ya karatasi ya zamani ya ukuta, mna vistari vya penseli. Ndivyo wazazi walivyokuwa wakipimia urefu wa binti zao wakati wamejificha.

Kijana aliyenisumbua kuliko wote katika safari ile alisimama pale hadi waliokuwa nyuma wakaanza kukohoa. Alikuwa ameweka kiganja juu ya utosi wake, kana kwamba anajipima. Sikumwambia kitu. Tulipotoka tukakaa kando ya mfereji wa maji, na kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda, tukaendelea kukaa. Ilipita kama saa nzima ndipo akasema, "Walikuwa wanampima, Mwalimu. Maana yake walitegemea atatoka." Wenzake wakanyamaza, kisha mmoja akauliza swali, na mwingine akamjibu, wakazungumza hadi jua likashuka. Katika miaka yangu yote darasani sijafundisha somo lililofika pale.

Laiti mipango yangu ya mchana ingekuwa imetimia, tungetoka mle ndani tukakimbilia basi.

Basi nawaomba mfute nusu. Kila siku jambo moja kubwa, na baada yake saa mbili au tatu zisizo na jina. Msiwaachie peke yao mjini. Kaeni nao, ila msiwape kazi. Mwongoza watalii akitaka kuendelea kueleza, mshukuruni mapema. Na nyinyi wenyewe mjizuie. Mwalimu akiona kimya hutamani kukijaza, ni mazoea ya kazi yetu, lakini mtoto anayefikiri hufanana sana na mtoto aliyechoka.

Jambo hilo kubwa lianze nyumbani. Kikundi kinachokwenda Hiroshima, Japani, kwa mfano, kinaweza kukunja korongo wa karatasi wiki nyingi kabla ya safari na kuwapeleka kwenye Mnara wa Amani wa Watoto. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1958, baada ya wanafunzi kuchanga fedha kwa kumkumbuka Sadako Sasaki, aliyekuwa na miaka miwili bomu la atomiki lilipoanguka na akafa kwa saratani ya damu akiwa na miaka 12, baada ya kukunja korongo kama hao hospitalini. Mtoto aliyefika na kitu mkononi cha kutoa hasimami pale kama mtazamaji.

Sasa nigeukie yale yanayoninyima usingizi ninaposoma ratiba zenu.

Mmoja wenu amepanga Louvre siku ya Jumanne. Jumanne pamefungwa. Mwingine amepanga Paris, kisha London, kisha Amsterdam. Kama wanafunzi wako wanahitaji viza, hiyo ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukivuka kwenda Uingereza umetoka Schengen, na Uingereza nayo ina viza yake. Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msingoje huo mwisho. Na nyumba ile ya Amsterdam tiketi zake hununuliwa mtandaoni tu, kwa siku na saa. Ukifika mlangoni bila tiketi utawarudisha watoto.

Pasipoti nitaieleza kwa uchungu. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi sita ya uhai. Mwaka mmoja niliwaomba wazazi waandike tarehe za mwisho kwenye orodha, nikaisoma orodha, nikaridhika. Uwanjani, mbele ya kaunta, ikaonekana pasipoti ya binti mmoja imebakiza miezi minne. Mzazi alikuwa ameandika mwaka usio wenyewe. Binti yule hakupanda ndege. Alinipungia mkono akiwa amesimama na begi lake jipya, na akajitahidi kutabasamu ili nisione vibaya mbele ya wenzake. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuifungua pasipoti kwa mkono wangu. Zifungueni zote, miezi minne kabla, mtazame tarehe, mlinganishe jina herufi kwa herufi na lile la tiketi. Barua ya idhini ya wazazi, yenye muhuri wa wakili, iwe ndani ya begi lenu la mkononi, siyo kwenye mizigo ya chini ya ndege. Kwa nchi zinazodai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuingia. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, hivyo mwenye kile cha zamani msimsumbue.

Kuhesabu. Msihesabu vichwa kwa macho mkiwa mnatembea, mtamhesabu mpita njia. Kila mwanafunzi awe na namba yake tangu siku ya kwanza, na aitaje kwa sauti kwa zamu: moja, mbili, tatu. Asiyekuwepo hujitangaza mwenyewe kwa ukimya wake. Hesabuni kabla ya kila mlango unaofungwa: basi, lifti, treni. Niliwahi kuona mlango wa treni ya chini ya ardhi ukifunga na mvulana wangu akiwa nje, uso wake umebaki kwenye kioo. Nilikuwa sijawaambia la kufanya. Akapanda treni iliyofuata kututafuta, sisi tukashuka kituo cha mbele na kurudi nyuma, tukapishana. Nilimpata baada ya saa mbili, ameketi kwenye benchi na viatu vyake amevikamata mkononi, sijui kwa nini, na sikumwuliza. Toka siku ile kanuni yangu ni moja, nao huirudia hadi waseme wakiwa usingizini: aliyeachwa hasogei, mwalimu ndiye anayerudi.

Kila mtoto aandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu, namba ya mwalimu, anwani ya mahali pa kulala, na namba ya dharura ya nchi hiyo. Nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Simu huzima chaji saa ile ile inayohitajika. Betri za akiba za kuchajia ziwe kwenye begi la mkononi. Kwenye mizigo inayoingia chini ya ndege haziruhusiwi.

Msiende mtu mzima mmoja, hata kikundi kiwe kidogo. Mtoto akilazwa hospitali mmoja hubaki naye, na wengine hawawezi kukaa bila mlezi. Usijifungie chumbani na mwanafunzi mmoja, awe wa kike au wa kiume, hata kama analia. Mlango uwe wazi na mwenzako ajue uko wapi. Hili sitalieleza zaidi.

Fedha za mfukoni mziwekee kikomo, tena kikao cha wazazi kikubaliane. Nimeona watoto wawili marafiki wa dhati wakarudi hawasemezani, kwa sababu mmoja alinunua kila duka na mwenzake alisimama nje siku sita akisema hajapenda kitu. Aliyesimama nje ndiye anayekumbuka zaidi safari ile, na si kwa wema.

Na msisahau usiku. Mara nyingi kwangu ilikuwa usiku wa tatu: msisimko umepoa, nyumbani bado mbali, na mtoto ambaye hamkumdhania anaanza kulia chini ya blanketi. Piteni vyumbani. Mkimkuta msimwambie kwamba wenzake wote wana furaha. Mwombeni awasimulie nyumbani kwao wanafanya nini saa hiyo, mkae hadi amalize.

Wakisharudi, waiteni tena baada ya wiki mbili. Siku ya kufika uwanja wa ndege wanazungumza wote pamoja na hakuna anayesema chochote. Wiki mbili baadaye wataleta yale yaliyobaki, na ndipo mtajua mliwapeleka wapi.

Nitumieni ratiba mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Nitaanza kuzisoma kwenye saa mlizoziacha wazi.

Mwalimu wenu mstaafu