Wanangu wapiga picha wa Dodoma, yaacheni mawingu yatembee

Wanangu,

Marahaba kwenu nyote mnaonisalimu nikipita Nyerere Square, kamera zikiwa shingoni. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wengi.

Picha zenu za mawingu nimeziona. Nyingi ni picha moja iliyovutwa kwa programu hadi anga ikawa na michirizi, na michirizi yote inakutania katikati ya picha. Mawingu hayaendi hivyo. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki, na michirizi ya kweli hukutania kule upepo unakoelekea, kwenye upeo wa macho. Tena zipo siku mawingu ya juu yanashika njia yake na ya chini njia yake. Hilo hamtalipata kwa kuivuta picha moja. Inaniuma, kwa sababu anga yenyewe mnayo hapo juu, bure.

Mnaniambia kikwazo cha kupata michirizi ya kweli ni kile kichujio cheusi cha kuvalisha lenzi. Nakubali, ni ghali, na kazi yake naijua: kinachopunguza mwanga mara 1,000 hivi hukuwezesha mchana kweupe kuiacha lenzi wazi sekunde 16, mahali ambapo ungetumia sehemu 1 ya 60 ya sekunde. Lakini msiuze mbuzi wa nyumbani kwa ajili yake. Kamera hiyohiyo mliyo nayo ikikaa kwenye tripodi, pigeni picha 200, moja kila sekunde 2. Hazifiki hata dakika 7. Kisha zirundikeni, programu itafute wastani wa kila nukta: kilichotulia kinabaki kilivyo, kilichotembea kinakuwa mchirizi. Na chenga, vile vidoti vinavyochafua picha, zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 100 zinapunguza chenga mara 10. Kichujio hakiwapi hilo.

Programu ya kurundika iitwayo StarStaX ni ya bure na inatosha. Mwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na picha chache azipange kwa matabaka, kila tabaka na ukolezo wake: la chini asilimia 100, la pili 50, la tatu 33, la nne 25, aendelee hivyo. Ipo na njia nyingine, ambapo badala ya wastani programu huchagua nukta inayong'aa zaidi tu; hiyo muitumie kwa uangalifu. Mawingu yakiwa mengi anga yote inageuka nyeupe, na mkichelewa kati ya picha na picha, mchirizi unakatika vipandevipande kama shanga.

Fokasi wekeni kwa mkono. Rangi ya mwanga nayo ifungeni, isijibadilishe yenyewe. Nilikaa kwenye bwawa la Hombolo jioni nzima, upepo ukinipiga, nikarudi nyumbani nikakuta wingu lilipofunika jua lenzi ilianza kutafuta fokasi upya, na kuanzia hapo hakuna picha iliyofaa. Nilikuwa nimesahau swichi moja ndogo ubavuni mwa lenzi. Tangu siku ile naigusa kwa kidole kabla ya picha ya kwanza, hata kama nina hakika.

Upepo huohuo mnaoutaka angani unaitikisa tripodi. Msiinue nguzo ya kati, na begi lening'inieni chini yake likiwa limegusa ardhi, lisije likabembea.

Sasa mbuyu. Hapa ndipo Dodoma imependelewa. Mkirundika picha za mwembe, majani yanayumba na kuwa uji. Mbuyu wakati wa kiangazi hauna jani hata moja, na matawi yake manene upepo hauyawezi. Vinavyotikisika ni vijiti vya nchani tu, na hivyo mnaweza kuvichukua kutoka picha moja na kuviweka juu ya rundo. Simameni mbuyu ukiwa upande wenu wa magharibi, upepo ukiwa mgongoni, kwa lenzi pana. Mawingu yatapita juu ya vichwa vyenu yakikimbilia nyuma ya mti, na gome litabaki na kila kovu la mahali lilipobanduliwa kamba. Majabali ya vilima vyetu nayo yanatulia vivyo hivyo, ila mbuyu ndio naupenda zaidi.

Mkitaka kupiga karibu na Bunge, ombeni ruhusa kwanza.

Anzeni saa kumi na moja jioni, mawingu yangali meupe na yenye nafasi kati yake. Mkishamaliza kupiga, msizifute zile picha 200 hata baada ya kuzirundika. Nileteeni zote, si ile ya mwisho peke yake, tuzipitie pamoja moja baada ya nyingine.

Ni mimi mzee wenu,
Dodoma