Jamani tumalizie bati za wenzetu ng'ambo ya Ruvuma

Ndugu zangu wachongaji wa Mwenge, kina mama lishe na wote tunaojuana, salaam. Najua ni mara ya tatu mwaka huu nanyoosha mkono na naona haya kweli, ila kilichotokea wiki iliyopita kimenikosesha usingizi.

Wenzetu kule Cabo Delgado, Msumbiji, waliokimbia mashambulizi yaliyoanza 2017 wakaja kurudi na kukuta nyumba majivu na mipaka ya mashamba haijulikani, walijiundia kamati yao wenyewe, shehe yumo, katekista yumo, kina mama wanne na vijana. Hawakusubiri mkubwa yeyote. Wanakaa chini ya mwembe wanasuluhisha shamba moja moja, wakipatana wanaandika kwenye daftari kubwa na pande zote zinaweka dole gumba. Sasa mvua ikawakuta kikaoni. Dada yetu anayetunza daftari akalifunga kwenye khanga yake akalikumbatia akakimbia, lakini wapi, kuja kulifungua wino umetambaa ukurasa mzima na yale madole yamebaki madoa ya bluu tu. Siku mbili baadae familia zilizokwishapatana zimeshikana mashati upya maana hamna tena wa kuonyesha walikubaliana mwisho ni mkorosho upi.

Alinipigia analia. Hakuomba chakula jamani, ameomba bati, waezeke banda la kukalia kikao mvua isiwakute tena.

Wazee wetu wanakumbuka, mkataba wa Roma wa kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe Msumbiji viongozi walisaini Oktoba 1992 lakini bunduki zilikuwa bado zimefichwa vijijini, na ni Baraza la Makanisa la Msumbiji ndio walioanza 1995 kuwaambia watu lete silaha uchukue cherehani, baiskeli au jembe. Hapo ndipo amani ilipofika mpaka uani kwa mtu. Ndio maana na sisi tumeweka cherehani, wajane washone hapo hapo kamati inapokaa.

Hesabu: bati 40 kwa 28,000 ni 1,120,000, cherehani 4 za miguu kwa 350,000 ni 1,400,000, misumari na usafiri mpaka kuvuka Ruvuma 480,000, jumla 3,000,000. Zimeingia 1,140,000, bado 1,860,000. Mbao na ufundi wanatoa wenyewe. Risiti zote mtaziona, Mungu shahidi.

Mwaka 2021 mji wa Palma, huko huko Cabo Delgado, uliposhambuliwa mlitoa sufuria, khanga, mpaka godoro alilolalia mtu, sijasahau. Ila kadi ya harusi tunalipa laki bila kuuliza, kwa hili tumenyamaza. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilizaliwa hapa hapa Dar 1962, baba zetu waliwapokea watu wa Msumbiji bila kujihesabia, sisi bati moja la 28,000 litushinde kweli?

Aliyebanwa atoe buku mbili, inapokelewa kwa heshima ile ile. Mwenye cherehani imelala chini ya kitanda ailete, tutaifanyia sevisi. Pesa kwa mweka hazina kama siku zote. Gari la Mtwara linaondoka Jumamosi alfajiri, mzigo uwe umefika Ijumaa saa kumi jioni. Daftari jipya nimeshanunua, la jalada gumu.