Yah: Malalamiko Kuhusu Santuri ya Albamu ya Kwanza ya Queen Isiyolingana na Tangazo Lenu

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu, mkazi wa Tanga. Nilinunua kwenu kwa njia ya mtandao santuri kuukuu ya albamu ya kwanza ya bendi ya Queen kwa Sh 320,000, mbali na nauli ya kuisafirisha kwa basi. Tangazo lenu lilisema kwamba ni toleo la kwanza la Uingereza la mwaka 1973, lililotolewa na kampuni ya muziki ya EMI kwa namba EMC 3006. Kwamba santuri na jalada lake vyote viko katika daraja la VG+, yaani hali nzuri sana na zaidi kidogo. Na kwamba santuri yenyewe imekaguliwa kwa kusikilizwa, si kwa kutazamwa tu. Kilichonifikia ni kitu kingine. Nilipopiga simu nikajibiwa kwamba “vitu vya mitumba havirudishwi”, na jibu hilo ndilo lililonilazimu kuandika barua hii.

Kuhusu asili ya jalada sina neno. Ni la EMI, namba ni ile mliyoitaja, mpiga gitaa la besi ameandikwa Deacon John, jina likiwa limegeuzwa vile vile lilivyochapwa mwaka 1973, na yale majigambo ya bendi kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, yaani kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme, yapo mahali pake. Tatizo ni kilichomo ndani. Santuri niliyoikuta humo ina lebo ya kampuni ya Elektra yenye picha ya kipepeo, na namba yake ni EKS-75064, ambayo ni namba ya toleo la Marekani. EMI iliitoa albamu hii Uingereza tarehe 13 Julai 1973, na Elektra ikaitoa Marekani mwezi Septemba mwaka huo huo, kwa hiyo santuri hii haiwezi kuwa toleo la kwanza la Uingereza hata kwa hesabu ya huruma. Mkaguzi wenu akitaka uthibitisho zaidi, atazame lile eneo tupu lililo kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Santuri ambazo EMI ilizikandamiza katika kiwanda chake cha Hayes, kando ya London, huwa na herufi ndogo zilizochukuliwa kutoka GRAMOPHLTD, ambapo G ni 1, R ni 2, na kuendelea hivyo hadi D ambayo ni 0, zikionyesha namba ya kikandamizio, yaani bamba la kuchapia mifereji, kilichotumika. Kwenye santuri mliyonitumia herufi hizo hazimo, wala zisingeweza kuwamo.

Sisemi kwamba jambo hili lilifanywa kwa makusudi. Najua kwamba santuri zilizopitia mikono mingi huchanganywa na majalada yasiyo yake, mara nyingine na mtu aliyetangulia miaka mingi kabla hazijafika dukani kwenu. Hata hivyo, mmeliozesha jalada la Uingereza kwa santuri ya Marekani, na mahari mkanitoza mimi. Picha za tangazo zilionyesha jalada mbele na nyuma, lakini santuri ilionekana ikiwa imechomoza nusu tu kutoka kwenye bahasha yake ya ndani, lebo ikiwa imefichika. Tena mmeandika kwamba ilisikilizwa. Mtu hawezi kuiweka santuri juu ya gramafoni na kuishushia sindano bila kuiona lebo iliyo katikati yake, kwa hiyo ama mkaguzi alimwona kipepeo akanyamaza, ama santuri haikusikilizwa kamwe. Naomba mnieleze ni lipi kati ya hayo mawili.

Mhudumu aliyepokea simu yangu alisema kwamba nyimbo ni zile zile, kwa hiyo sina hasara. Hoja hiyo inapingwa na orodha yenu wenyewe ya bei, ambamo wiki ile ile nakala ya Elektra ya albamu hii ilikuwa ikiuzwa kwa Sh 140,000, jalada na santuri pamoja. Ningekuwa nataka nyimbo tu, ningenunua toleo jipya la mwaka 2024, lililochanganywa sauti upya, ngoma zikarekebishwa, na wimbo ulioachwa nje mwaka 1973 ukarudishwa mahali pake. Mnunuzi wa santuri ya 1973 hufuata kitu kingine kabisa: kazi ile kama ilivyotoka, ikiwa na ngoma zake kavu za studio ya Trident ya London, ambako vijana wale walirekodi katika saa ambazo wateja wenye fedha hawakuzihitaji. Kwa mnunuzi wa namna hiyo, nchi ilikokandamizwa santuri, mwaka na namba ndiyo bidhaa yenyewe, na ninyi mnalijua hilo vizuri, kwa sababu ndivyo mlivyovitanguliza katika tangazo ili kuhalalisha bei.

Sasa nije kwenye daraja. VG+, kwa kipimo kinachotumiwa na wauzaji wa santuri, huruhusu alama nyepesi zisizoharibu usikilizaji. Upande wa kwanza wa santuri hii una mkwaruzo unaohisiwa kwa ukucha, unaokata mifereji ya wimbo wa mwisho wa upande huo, “My Fairy King”, karibu wote. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika huzunguka mara moja katika sekunde 1.8, na mlio wa mkwaruzo huo unarudi kwa kipimo hicho hicho, bila kukosa. Nayataja haya kwa sababu mhudumu wenu alinishauri niisafishe. Vumbi hulia ovyo, hapa na pale. Mlio unaorudi kila mzunguko ni jeraha la plastiki yenyewe, wala hakuna maji wala kitambaa kitakachouondoa. Inauma zaidi kwamba wimbo huo ndio mlioutumia kunivuta. Tangazo lilisimulia kwa ufasaha jinsi mwimbaji wa Queen, Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, alivyopata humo jina la Mercury, jambo ambalo Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, pia amelisimulia. Simulizi ni nzuri, lakini aliyeiandika hakuusikiliza wimbo wenyewe kwenye nakala aliyokuwa akiiuza.

Kuhusu ufungaji nitasema kwa ufupi. Santuri ilisafirishwa ikiwa ndani ya jalada, badala ya kutolewa na kulazwa nyuma yake, na ukingo wake umepasua mshono wa juu. Kwa hiyo hata jalada, ambalo ndilo pekee lililokuwa sahihi, halipo tena katika daraja mlilolitangaza.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na kwa kitu kilichotumika maelezo ndiyo tegemeo pekee la mnunuzi aliye mbali. Kanuni yenu ya kutorudisha mitumba inaweza kumzuia mteja aliyebadili mawazo baada ya kununua. Haiwezi kumzuia aliyeletewa kisichokuwa alichonunua.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe Sh 320,000 zote pamoja na nauli niliyolipa, nanyi mgharamie usafiri wa kuirudisha santuri. Sitapokea punguzo la bei, kwa kuwa sihitaji kubaki na nakala hii kwa bei yoyote. Mkiwa na nakala halisi ya EMI mnayotaka kunipa badala ya fedha, nitaifikiria baada ya kutumiwa picha za lebo zote mbili na za namba zilizochorwa katika eneo tupu la kila upande, si picha za jalada. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitawasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, nikiambatisha nakala ya tangazo, risiti, picha za lebo na sauti niliyorekodi ya upande wa kwanza.

Santuri nimeitoa ndani ya jalada lililopasuka na kuihifadhi ikiwa imesimama, na sitaicheza tena hadi mtakapoichukua.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Tanga.