Wifi anasema niliogopa mjumbe kuliko kifo chake

Anti, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri, sijalala. Wifi yangu kanitamkia neno mbele ya mume wangu na watoto, tangu juzi chakula hakipiti. Eti niliogopa mjumbe wa nyumba kumi kuliko kifo chake. Mimi! Niliyempokea na begi moja, nikampa kitanda cha wanangu, wao wanalala chini mpaka leo.

Mume wangu ni wa wale wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliopewa uraia wa Tanzania. Dada yake alibaki Burundi, akaja kukimbilia huku baada ya ule utaratibu wa kupokelewa wote kwa pamoja kusitishwa Januari 2017. Sasa kila mmoja anasikilizwa peke yake, na yeye hajajibiwa. Alikuwa kambi ya wakimbizi ya Nduta, Kigoma. Ana pumu tangu utotoni, na kule ni moshi wa kuni, foleni ya mgao watu wamebanana. Korona ilipoingia akaona atafia pale, akatoka bila kibali. Sikumwita mimi.

Mwezi wa saba kifua kikambana. Hospitali wangeuliza jina, mtaa, kitambulisho. Anti, mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali ni kosa, na aliyemficha je? Nauza dagaa soko la Mwaloni, marejesho ya kikundi kila wiki, nikikamatwa nani atalisha nyumba hii? Nikampigisha nyungu: mchaichai, mwarobaini, malimao, blanketi mbili juu. Akawa ananishika mkono, ananivuta. Nikadhani anaomba niongeze maji ya moto. Nikaongeza. Kumbe pumzi inakata. Nilipofunua, midomo ilikuwa kama imepakwa majivu. Nikakimbia duka la dawa kununua pampu ya pumu, akapata nafuu. Nilinunua kwa hela ya mzigo. Hilo halisemi. Anasema niliogopa mjumbe.

Sasa tangu Rais Samia achanjwe tarehe 28 Julai 2021, wifi naye anataka chanjo ya korona. Si wametangulizwa wenye maradhi ya kudumu na wa miaka 50 kwenda juu? Nikamuuliza, utaandikwa kwa jina lipi? Ndipo akalitoa hilo neno. Mume kanyamaza, anaangalia ukuta, kama vile huyu si dada yake.

Mimi nataka arudi Nduta. Kule angalau zahanati inamjua. Lakini jana alipoanza kukunja nguo zake, nililichukua lile begi nikalificha uvunguni mwa kitanda changu, sijui kwa nini.

Nikimpeleka akachanjwe, wakiuliza niseme ukweli? Au niseme ni ndugu yangu wa Kigoma, ile lafudhi itapita? Mimi si mtu mbaya, Anti. Ule mkono wake bado nausikia hapa kwenye kiwiko, alivyokuwa ananivuta.

Anakohoa huko chumbani, ngoja niende. Ukijibu usitaje Mwaloni, wananijua.